Baba Yake Bitutu

Profesa Ochoki Anyona alikuwa na kanuni moja ambayo wanafunzi wake waliijua kabla hata hawajaijua njia ya maktaba: hakutia sahihi kazi yoyote iliyozungumzia mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika kwa miguu yake. Ukiandika habari za mmomonyoko wa udongo Suneka, atakwenda Suneka. Ukiandika habari za matofali yanayochomwa kando ya mto, atateremka mpaka mtoni na viatu vyake vyeusi, atasimama topeni, ataangalia huku na huku, kisha atakuuliza, "Lile shimo uliloliandika liko wapi?" Kama shimo halikuwepo, kazi yako ilikuwa imekwisha. Hakupiga kelele. Alikurudishia karatasi zako na kukushauri utafute kazi isiyohitaji ukweli.

Wengi walimwogopa, na mwalimu kuogopwa kidogo si jambo baya. Vyuo vyetu vimejaa watu wanaotia sahihi kama mtu anayefukuza nzi. Ochoki hakuwa wa aina hiyo, na kanuni yake hakuipata kitabuni.

Alizaliwa katika mwinuko mmoja karibu na Kebirigo, kwa Wakisii wanaozungumza Ekegusii, mahali ambapo mashamba yameteremka mpaka kwenye maji na kila mtu anamjua mwenzake mpaka kikohozi chake. Alipomaliza shule akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi nje kidogo ya Suneka. Hakutaka ualimu. Alitaka kuwa mpima ardhi, avae kofia na kubeba chombo cha miguu mitatu. Lakini nafasi ya upimaji haikupatikana, ya ualimu ikapatikana, na nyumbani walikuwa wakimngojea.

Mwaka wake wa kwanza kazini, akifundisha darasa la saba kusoma ramani, alichora ubaoni soko la Suneka na mazingira yake, akinakili kutoka kitabuni. Barabara akaiweka, shule akaiweka, na kilima akakiweka ng'ambo ya barabara. Kisha msichana mmoja akageuza shingo kuangalia dirishani, na wenzake wote wakageuka naye. Kilima kilikuwa kimesimama palepale nyuma ya shule, upande huuhuu wa barabara, na mbuzi wakila juu yake.

"Mwalimu," mmoja akauliza kwa adabu zote, "kilima kimehama lini?"

Darasa zima likaangua kicheko, na Ochoki naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini jioni ile aliizunguka Suneka yote kwa miguu, na asubuhi akafuta ubao, akachora upya. Tangu hapo alianza kuipenda kazi ambayo hakuitaka. Jumamosi, kwa kuwa yeye ni Msabato, alikwenda kanisani. Jumapili alitembea milimani na yeyote aliyekubali kufuatana naye. Baadaye, akiwa tayari ana mke, Nyanchera, na watoto wawili, alirudi kusoma. Akapata shahada, akapata ya pili, akaajiriwa kuwa mhadhiri, na mwishowe akapata ya tatu. Nyanchera ndiye aliyechuma majani chai miaka yote hiyo. Hakulalamika hadharani, ila mgeni akiuliza mumewe anasomea nini, alikuwa akijibu, "Anasomea milima. Milima yenyewe ilikuwepo hata kabla hajaanza shule."

Jambo la pili lililomjenga lilimuumiza zaidi. Alipokuwa mhadhiri kijana aliongoza uchunguzi wa vyanzo vya maji, na vijana waliotumwa vilimani hawakwenda. Walikaa katika kibanda cha chai Daraja Mbili, wakaagiza mandazi, wakajaza majibu ya watu ambao hawajawahi kuwaona. Kule kwetu tunaita kupika data. Ochoki alikuwa na haraka wiki ile, akatia sahihi. Tangi likajengwa kufuatana na ripoti, zege safi, rangi ya buluu, mahali ambapo maji hayajapita tangu dunia iumbwe. Bado liko. Wenyeji waliliita Tangi la Profesa, wakati huo yeye hajawa hata profesa.

Baada ya tangi lile Ochoki hakudanganywa tena. Huo ndio wema wa kuumia mara moja. Ubaya wake ni kwamba alianza kuona mandazi ya Daraja Mbili katika kila karatasi. Mwanafunzi akimaliza mapema, alishuku. Akichelewa, alishuku pia, akadhani anatafuta mpishi. Lafaa lisemwe waziwazi, kwa sababu watu wema hulichanganya: mwangalifu huuliza swali akangoja jibu, lakini mwenye shuku huuliza huku jibu analo mfukoni. Miaka mingi Ochoki alikuwa wa kwanza. Hakujua ni lini alivuka akawa wa pili, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Alipokaribia kustaafu, kitu kimoja kilimnyima usingizi. Somo lake la nyanjani, lile la kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka vilimani, halikuwa na mrithi. Wahadhiri wenzake walipenda kompyuta na picha zilizopigwa kutoka angani. Dakta Osoro, ambaye chumba chake kilipakana na cha Ochoki, alisema waziwazi kwamba mlima ukishaonekana kwenye kioo hauna haja ya kupandwa.

Kisha akaja Farhiya Farah.

Alikuwa binti wa Farah mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Babu yake alikuja zamani na biashara ya ng'ombe, akabaki. Farah alizaliwa mjini, Farhiya alizaliwa mjini. Alisoma shule za mji na Wakisii wenzake, akacheza nao, akagombana nao. Alikuwa na maswali mengi na miguu isiyochoka. Katika safari ya kwanza ya nyanjani aliwaacha wavulana nyuma kilimani, vazi lake refu amelikunja kwa mkono mmoja, akifika juu anawapigia kelele, "Njooni, wanaume, mlima hauli mtu!" Ochoki alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu. Jioni alimwambia Nyanchera, "Nimempata."

Farhiya akaingia shahada ya uzamili, Ochoki akawa msimamizi wake. Idara ikakubaliana kwamba akimaliza vizuri ataajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi, alishike somo la nyanjani. Binti mwenyewe hakutaka kitu kingine duniani. Baba yake alimtengea nafasi dukani, yeye akamjibu, "Baba, mimi nitauza milima." Kwa hiyo kila kitu kilitegemea tasnifu ile.

Alichagua habari za chemchemi zilizokauka baada ya mikaratusi kupandwa karibu na maji. Alitaka kuchora ramani ya chemchemi zilizokuwepo zamani, kufuatana na kumbukumbu za wazee, kisha aonyeshe zilikufa vipi na nani alikuwa akizitunza zilipokuwa hai. Akachagua miinuko ya karibu na Kebirigo.

"Huko ni kwetu," Ochoki alimwambia.

"Najua, Profesa. Ndiyo maana sitathubutu kukosea."

Na hapo ndipo kanuni ilipoanza kuyumba bila mwenyewe kuhisi. Goti la Ochoki lilikuwa limeanza kumsumbua, lakini si goti lililomzuia. Kilichomzuia ni kwamba mahali penyewe ndipo alipozaliwa. Angekwendaje kukagua mahali ambapo alichunga ng'ombe? Alijihesabu kuwa amekwisha kufika. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa akienda kule kwa mazishi tu, anashuka garini, anasimama kwenye hema, anakula, anarudi mjini.

Farhiya alirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, katikati ya masika. Alipoingia ofisini, Ochoki alitazama viatu vyake kabla ya uso. Vilikuwa vyeupe. Masika, Kebirigo, viatu vyeupe.

"Ulitembeaje kule na viatu hivyo?"

"Nilivaa gambuti, Profesa. Wenyeji waliniazima."

"Wenyeji gani?"

"Kila nyumba na gambuti zake," alisema akicheka. "Nyingine zilinibana, nyingine ningeweza kulala ndani."

Jibu zuri. Ochoki aliliona zuri mno. Akaipokea kazi, akaifungia mezani, asiisome kwa siku kadhaa.

Osoro alimkuta akinywa chai. "Nasikia binti wa Farah amemaliza."

"Amemaliza."

"Haraka hivyo?" Osoro akavuta kiti. "Mimi sisemi kitu. Lakini yule msichana Ekegusii chake ni cha kununulia ndizi. Anajua kusalimia na kuuliza bei. Wale wazee wa milimani alizungumza nao nini? Au walizungumza bei ya ndizi?"

"Ana masikio yake."

"Na baba yake ana duka. Kijana wa kijijini unaweza kumwambia, jaza hapa na hapa, nikupe kitambaa cha suruali. Sisemi kwamba amefanya. Nasema inafanyika."

Huyo Osoro alikuwa na mwanafunzi wake mwenyewe aliyemtakia ile nafasi, na Ochoki alilijua hilo. Mtu akikuletea uvumi wenye faida yake ndani, unapaswa kuurudisha mlangoni. Ochoki hakuurudisha. Jioni ile alifungua tasnifu akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na mtu anayesoma akiwa tayari ameshika kalamu nyekundu atapata pa kuitumia.

Alipata. Ilikuwa katika sura ya nne, ushahidi wa Bitutu.

Bitutu alikuwa mwanamke mzee aliyeishi mwinuko huohuo wa akina Ochoki. Nyumba zao zilitenganishwa na bonde dogo na ua wa minyaa. Tasnifu, iliyoandikwa kwa Kiingereza kama kanuni za chuo zinavyotaka, ilisema kwamba baba yake Bitutu ndiye aliyeitunza chemchemi ya bonde lile. Kwamba mwanamume huyo aliifagia kila asubuhi. Kwamba aliwakataza watu kufulia pale, na alimkimbiza na ufagio jirani aliyetaka kupanda mikaratusi. Kwamba alipokufa, chemchemi ilibaki bila mwenyewe, mikaratusi ikapandwa, maji yakaondoka.

Ochoki alisoma mara mbili, akaweka kalamu chini, akaegemea kiti.

Baba yake Bitutu! Mwinuko mzima ulijua habari za mtu yule. Mama yake Ochoki alizisimulia mara nyingi wakipura wimbi. Alikwenda Kericho kufanya kazi katika mashamba ya chai Bitutu akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Wengine walisema alikufa, wengine walisema alioa huko. Hakuonekana tena Kebirigo, hai wala maiti. Na huyu msichana amemfufua, amempa ufagio!

Na ufagio wenyewe! Mwanamume wa Kigusii wa miaka ile, afagie chemchemi kila asubuhi? Maji yalikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume angepita hapo akaosha miguu, akaendelea na safari yake. Ni mtu wa mbali tu, mtu wa dukani, angeweza kutunga kitu kama hicho.

Dalili zote zilikuwa mbele yake, zimepangwa, zinaelekea upande mmoja. Mtu mwenye utulivu angejiuliza ni nani basi aliyeifagia. Ochoki hakuuliza. Aliandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: *Uongo.*

Kikao cha idara kiliitwa. Walikuwa watu watano kuzunguka meza, Osoro akiwa mwenyekiti. Farhiya aliketi mwisho, mikono juu ya mapaja, amevaa kitambaa cha kijivu kichwani.

"Huyu Bitutu ulimwona kwa macho yako?" Ochoki alianza.

"Nilimwona, Profesa. Nilikula kwake. Alinipikia chinsaga."

"Kila mtu Kisii anapika mboga hiyo. Hilo si ushahidi."

"Nina sauti yake. Nimeirekodi. Naomba muisikilize."

Osoro akasema kwa upole, kwamba siku hizi hata sauti hutengenezwa, na kwamba muda wa kikao ni mfupi.

"Sauti fupi," Farhiya alisema. "Profesa, anasema kwa kinywa chake, baba ndiye alifagia."

"Kwa lugha gani?"

Binti alisita kidogo. "Alizungumza Kiswahili kwa sababu yangu. Akichanganya na Ekegusii. Nilielewa vizuri. Mimi nimekulia hapa, sikuhitaji mkalimani."

Alisema maneno hayo ya mwisho kwa majivuno, na hilo nalo lilikuwa kosa. Maisha yake yote aliulizwa ametoka wapi, naye aliona kwamba kuomba msaada wa lugha ni kukubali kwamba ametoka mahali. Angempa Mkisii mmoja tu asikilize kabla hajaandika, mambo yangekuwa mengine. Hilo lazima lisemwe ili haki isiegemee upande mmoja.

"Baba yake Bitutu," Ochoki alisema polepole, "aliondoka mwinuko ule kabla mtoto hajaota meno. Ulizungumza na nani, Farhiya? Na kama ulizungumza, alikuambia nini, na ulichopika ni kipi?"

Binti alikuwa amefungua kinywa, hakuna neno lililotoka. Ochoki akauchukua ukimya ule kuwa kukiri. Kumbe ulikuwa ukimya wa mtu anayejua alichokisikia na hajui kwa nini si kweli.

"Twende," hatimaye alisema. "Leo hii. Profesa, wewe ndiye uliyetufundisha. Twende pamoja, nitakuonyesha nyumba, nitakuonyesha mahali alipoketi."

"Sihitaji kuonyeshwa. Mimi nimezaliwa pale. Wewe ndiye mgeni."

Hapo Farhiya alisimama. Hakulia. Alikusanya karatasi zake, akasema, "Asante, Profesa," kana kwamba mhadhara umekwisha, akatoka. Uamuzi uliandikwa alasiri ileile: tasnifu imekataliwa kwa udanganyifu, na nafasi ya kazi itatafutiwa mtu mwingine.

Nyanchera aliposikia nyumbani aliweka sufuria chini. "Ulikwenda kwa Bitutu?"

"Kwenda kufanya nini? Habari za baba yake hata wewe unazijua."

"Nimeuliza kama ulikwenda."

"Nyanchera, mimi ndiye profesa."

"Ndiyo," mkewe akasema. "Na goti lako linauma."

Miezi michache ikapita. Kisha shangazi yake Ochoki akafariki, na familia ikamtaka aende nyumbani mapema kupanga mazishi. Ilikuwa Jumapili. Alipomaliza na wazee, alisikia sauti ikimwita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Ochoki! Wewe unakuja tu mtu akifa? Ngoja basi nife na mimi, unisalimie."

Ni Bitutu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, macho yamefifia, ulimi haujafifia hata kidogo. Ochoki akazunguka ua, akaenda kumshika mkono, akimwita kwa heshima Mong'ina, yaani mama mzee.

"Mong'ina, usife, bado tunakuhitaji."

"Mnanihitaji kwa lipi? Hata yule msichana wenu amenisahau. Yule wa kitambaa kichwani. Aliniambia ataniletea picha ya chemchemi, hajarudi. Mmemficha wapi?"

Ochoki alitafuta pa kuketi, akaketi juu ya gogo. Alijiambia kwamba kuonana si ajabu, hata mwongo anaweza kupita nyumba moja na kuunda nyingine. Bado alikuwa akiitetea kalamu yake.

"Alikuuliza nini, Mong'ina?"

"Maji. Kila kitu maji. Anapenda maji yule kama bata. Nikamweleza."

Walikuwa wakizungumza Ekegusii, kama watu wa bonde moja, na Ochoki akauliza kwa Ekegusii, "Ulimwambia kwamba *tata* ndiye aliyefagia chemchemi?"

Bitutu akaacha mboga. "Tata? Tata yupi? Tata mimi hata sura simjui! Wewe Ochoki, kusoma kumekuharibu kichwa? Nilimwambia *baba*."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu ni lazima kueleza. Katika Ekegusii, *tata* ndiye mzazi wa kiume. Na *baba* ni mama. Ndiyo, mama mzazi, aliyekuzaa na kukunyonyesha. Mtoto wa Kigusii akianguka analia, "Baba!", na mama ndiye anayekimbia. Bitutu, kwa kumheshimu mgeni, alijitahidi kuzungumza Kiswahili, lakini neno la mama yake alilitamka kama alivyolitamka maisha yake yote.

"Nilimwambia hivi," mzee akaendelea, sasa kwa Kiswahili chake, akijiigiza, "'Baba alifagia maji kila asubuhi. Baba alifukuza watu na ufagio.' Kiswahili safi kabisa! Akaandika, akafurahi."

Ochoki aliliona lote kwa mara moja. Kiswahili hakina yeye wa kiume na yeye wa kike, na Ekegusii nacho hakina. Farhiya alisikia "baba", akasikia "alifagia", na hakuna kilichomwonya. Kiingereza ndicho kilichomlazimisha kuchagua, naye akachagua mwanamume. Ufagio, asubuhi, kuwafukuza wafuaji: mambo yote aliyoyaona kuwa dalili za uongo yalikuwa mama yake Bitutu, mwanamke aliyeachwa na mume, akiyalinda maji aliyolelea watoto. Ochoki hata alimkumbuka. Alipokuwa mdogo yule mwanamke aliwahi kumchapa miguuni kwa ufagio ule kwa kuingiza ng'ombe chemchemini.

"Mong'ina," alisema, "hiyo chemchemi iko wapi sasa?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu. Ochoki akateremka, goti likimlalamikia. Mikaratusi ilikuwa imejaa bondeni, mirefu, imesimama bega kwa bega, na chini yake ardhi ilikuwa kavu, inavunjika chini ya kiatu. Ramani ya Farhiya iliiweka chemchemi palepale ilipokuwa.

Kosa si uongo. Mtu aliyefundisha karibu maisha yake yote alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Farhiya alikosea neno, na neno lile Ochoki alilijua tangu kuzaliwa. Angemwuliza swali moja la kweli, wangecheka pamoja, akasahihisha mstari na kazi ikapita. Na ni lazima iulizwe pia kama angemdhania hivyo upesi mtoto wa Onyiego au wa Ondieki, Wakisii wenzake. Ochoki mwenyewe alijiuliza, na jibu hakulipenda.

Kwa sifa yake, hakujificha. Wiki iliyofuata aliwaambia wote idarani, tena akiwa amesimama. Osoro akakuna kidevu.

"Umeandika kwamba ni uongo, Profesa. Sasa tuandike nini?"

"Andika kwamba mimi ndiye niliyesema lisilo kweli."

"Hiyo itakuharibia jina, na unastaafu mwaka huu."

"Andika."

Wakaandika. Tasnifu ikafunguliwa tena, na nafasi ya kazi ikawekwa wazi mpaka mwisho wa muhula. Kilichobaki ni binti mwenyewe.

Ochoki akaenda dukani kwa Farah. Farah aliinuka nyuma ya vitambaa, akamletea kiti, akaagiza chai ya maziwa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekuja kuomba radhi," Ochoki akamaliza.

"Kunywa chai, Profesa."

"Mzee Farah, nimekukosea."

"Mimi hukunikosea." Farah alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi nimeitwa mgeni na watu wengi, nimezoea. Nyumbani hapa tulikuwa na mmoja ambaye hakuzoea, kwa sababu alikuwa na mwalimu ambaye hakumwita hivyo. Yuko Nairobi kwa binamu yake. Nitampigia, uzungumze naye. Akikataa, sitamlazimisha."

Hakukataa. Sauti yake ilikuwa tulivu, na nyuma yake watu walikuwa wakibishana juu ya mizigo.

"Habari yako, Profesa."

"Farhiya, nimekwenda kwa Bitutu."

"Baba ameniambia. Kumbe ni mama!" Akacheka kidogo, kicheko cha kweli. "Mimi nami. Miaka yote Kisii, na hakuna aliyewahi kuniambia."

"Kosa ni langu."

"La neno lilikuwa langu. Sikulijua. Lakini wewe ulilijua, Profesa, ukaniona mwongo kabla ya kulifikiria."

"Kazi imefunguliwa," Ochoki alisema. "Sahihisha ukurasa mmoja tu. Nafasi yako ipo. Mong'ina anakuuliza. Rudi umalize."

"Nimekusamehe," Farhiya alisema. "Nataka ulijue hilo, usikae nalo. Lakini sirudi. Nikirudi, kila mstari nitakaoandika nitaujaribu kwanza kwa macho yako. Na nikisimama mbele ya wanafunzi, nitawaangalia vile ulivyoniangalia siku ile. Sitaki kuwa mwalimu wa namna hiyo. Nisalimie Bitutu. Mwambie picha nitamtumia."

Picha ilikuja kweli, kwa mkono wa Farah, na Ochoki akaipeleka Kebirigo mwenyewe. Alimpigia Farhiya mara nyingine mbili. Alipokelewa kwa heshima, na jibu halikubadilika. Muhula ukaisha. Nafasi ikachukuliwa na mwanafunzi wa Osoro, kijana mpole anayependa kompyuta, na somo la nyanjani likafutwa katika ratiba. Ochoki akastaafu, akahamia nyumbani Kebirigo. Farhiya Farah anauza vitambaa Nairobi. Hakumaliza shahada, na hajawahi kufundisha.